Paris: Mifupa ya Chini na Mifupa ya Juu

(Mazungumzo ya juma kama yalivyosomwa redioni)



Juma hili nataka niwapeleke Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Najua kila mmoja wenu akisikia jina hilo kuna picha inayomjia: Mnara wa Eiffel, manukato, mitindo ya nguo, na mikahawa ambako watu hukaa nje kando ya barabara wakinywa kikombe kimoja cha kahawa kwa saa nzima. Picha hiyo si ya uongo, nimeiona kwa macho yangu. Lakini mji ni kama nyumba ya mtu. Kuna sebule ya kukaribisha wageni, na kuna chumba cha ndani ambacho mgeni haonyeshwi. Leo tuingie chumba cha ndani.

Nilikwenda Paris miaka michache iliyopita kwa mkutano wa siku nne. Siku ya tano ilikuwa yangu mwenyewe, maana ndege ilikuwa inaondoka usiku. Nilikuwa nimekwisha kusoma kwamba chini ya mji huo kuna mifupa ya binadamu inayokisiwa kuwa ya watu milioni sita, imepangwa kama kuni. Nikasema moyoni, hili lazima nilione. Nikachukua teksi. Kumbe dereva alikuwa Mkongo, mtu wa Bukavu, na mara alipoisikia lafudhi yangu tukaacha Kifaransa changu cha kuungaunga tukaingia katika Kiswahili.

Nilipomwambia ninakokwenda alicheka. Akasema, “Muzee, unaenda kuangalia mifupa ya kule chini? Ile haina shida, ile walizika na mapadri. Mifupa yenye kuogopesha iko huku juu, kwa nyumba nzuri.”

Wakati ule sikumwelewa. Nilidhani ananitania. Nilikuja kumwelewa kabla jua halijatua, na hilo ndilo linalonifanya nizungumze nanyi leo.

Basi tuanze na mifupa ya chini.

Unaingia kwa mlango mdogo katika uwanja uitwao Denfert-Rochereau, kusini mwa mji. Ngazi ni za mzunguko, nazo ni 131. Unateremka, unateremka, hata kichwa kinaanza kuzunguka. Ukifika chini uko kiasi cha mita 20 chini ya barabara. Kelele za magari hazisikiki tena. Hewa ni baridi, nyuzi joto 14 wakati wa kiangazi na nyuzi 14 wakati wa kipupwe, na hapa na pale maji yanadondoka kutoka darini tone moja moja. Unatembea katika njia nyembamba kwa muda mrefu bila kuona kitu ila mawe. Halafu unafika penye lango, na juu yake yamechongwa maneno yanayomtahadharisha mpitaji kwamba anaingia katika milki ya mauti.

Ukivuka hapo, mifupa inaanza. Mifupa ya mapaja imepangwa vichwa nje, safu juu ya safu, kama fundi alivyopanga matofali. Katikati ya safu hizo kuna mistari ya mafuvu. Mahali pengine mafuvu yamepangwa yakafanya umbo la msalaba, pengine umbo la moyo. Ukuta huo unakufuata kulia na kushoto, mamia ya mita, na nyuma ya ukuta mifupa mingine imerundikwa ovyo mpaka darini. Hakuna jina hata moja. Kuna vibao vya mawe tu vinavyosema: mifupa hii ilitoka makaburi ya kanisa fulani, ikaletwa hapa mwaka fulani.

Sasa mtauliza, ilikuwaje watu wastaarabu wakafanya jambo kama hili? Jibu lake ni historia, nayo ni historia ambayo kila anayeishi mjini anapaswa kuijua.

Paris ilijengwa kwa mawe yaliyotoka chini ya Paris yenyewe. Kanisa kuu la Notre-Dame, majumba ya wafalme, madaraja, nyumba za matajiri, vyote vilihitaji mawe ya chokaa, na mawe hayo yalikuwa pale pale ardhini. Wachimbaji walichimba karne baada ya karne. Walipomaliza sehemu moja walihamia nyingine, na hakuna aliyeweka ramani. Mji nao ukakua, ukapanuka, ukajengwa juu ya mashimo ambayo hakuna aliyeyakumbuka. Hata leo inakadiriwa kwamba njia hizo za chini zina urefu wa kilomita zipatazo 300.

Deni hilo lilidaiwa mwezi Desemba 1774. Barabara moja kusini mwa mji ilifunguka ghafula, ikadidimia kwa urefu wa kiasi cha mita 300. Na barabara yenyewe iliitwaje? Iliitwa Mtaa wa Jehanamu. Jina hilo lilikuwepo kabla ya ajali, si mimi ninayelitunga. Serikali ya mfalme ikashtuka. Mwaka 1777 ikaunda idara maalumu ya kukagua machimbo, chini ya msanifu majengo aitwaye Charles-Axel Guillaumot, naye kazi yake ikawa kushuka chini, kuchora ramani ya kila shimo na kujenga nguzo za kuubeba mji. Idara hiyo ipo mpaka leo.

Wakati huo huo Paris ilikuwa na shida ya pili. Katikati ya mji, jirani kabisa na soko kuu la vyakula, kulikuwa na makaburi yaliyoitwa ya Watakatifu Wasio na Hatia. Watu walizikwa hapo tangu zama za kati. Maskini walizikwa katika mashimo ya pamoja, maiti juu ya maiti. Shimo likijaa lilifunikwa, likachimbwa jingine, na mifupa ya zamani ikafukuliwa ili kupisha maiti wapya. Mwishowe ardhi ya makaburi ikawa imeinuka kuliko mitaa iliyoyazunguka. Majirani walilalamika juu ya harufu. Waganga walionya. Maofisa waliandika ripoti. Lakini makaburi yalikuwa na mapato yake, na penye mapato, wasikilizaji wangu, ripoti hulala kabatini.

Wafu wenyewe ndio waliokata shauri. Mwaka 1780, ukuta wa chumba cha chini ya nyumba moja iliyopakana na makaburi ulielemewa, ukabomoka, na maiti wakamwagikia ndani ya nyumba ya watu. Hapo ndipo makaburi yalipofungwa. Mwezi Novemba 1785 ikatolewa amri yahamishwe. Na mashimo yale ya Guillaumot yalikuwa yapo, yanangoja. Shida moja ikatibiwa kwa shida nyingine.

Tarehe 7 Aprili 1786 makasisi waliyabariki machimbo yale yawe mahali patakatifu. Kisha kazi ikaanza. Ilifanywa usiku. Mikokoteni iliyofunikwa vitambaa vyeusi ilipita mitaani, na mapadri wakiisindikiza huku wakiimba sala za wafu. Makaburi ya Wasio na Hatia peke yake yalichukua kiasi cha miaka miwili. Baadaye yakafuata makaburi mengine ya mji, moja baada ya jingine. Mwanzoni mifupa ilimwagwa tu ndani ya shimo. Mpangilio tunaouona leo ulianza mnamo mwaka 1810, wakati mkaguzi Héricart de Thury alipoamua pawe mahali pa heshima na pa watu kuzuru.

Humo wamo wote. Wachuuzi wa soko, waashi, watawa, mama na vichanga vyao, waliokufa kwa tauni na waliokufa kwa njaa. Inasadikiwa kwamba hata mifupa ya Robespierre, mtu aliyewapeleka wengi kukatwa vichwa wakati wa Mapinduzi naye akakatwa chake mwaka 1794, iko humo mahali fulani, bega kwa bega na ya wale waliomwogopa. Mtu aliyevaa hariri na mtu aliyevaa viraka, ukimtafuta nani ni nani humtambui.

Na tusisahau kisa cha bawabu. Mwaka 1793 bawabu wa hospitali ya Val-de-Grâce, jina lake Philibert Aspairt, alishuka machimboni peke yake. Kwa nini alishuka, kila msimulizi ana lake. Hakurudi. Maiti yake ilipatikana mwaka 1804, miaka 11 baadaye, ikatambuliwa kwa funguo zake za kazi. Akazikwa pale pale alipoangukia, na kaburi lake likaandikwa jina. Mtu aliyekuwa na funguo mkononi akafa kwa kukosa njia ya kutokea.

Je, niliogopa? Sikuogopa kama nilivyotazamia. Nilisimama mbele ya ukuta ule nikajikuta natulia. Watu hawa walihamishwa, ndiyo. Majina yao yalipotea, ndiyo. Lakini waliwahamisha ndugu zao, kwa sababu inayoeleweka, kwa sala, na kwa vitambaa vyeusi. Walitolewa makaburini wakatiwa kaburini. Aliyewahi kuona makaburi yakihamishwa kupisha barabara anajua kwamba jambo hilo ni chungu lakini lina adabu zake.

Nikapanda ngazi, nikatoka juani. Hapo maneno ya yule dereva yakanirudia: mifupa ya kuogopesha iko juu, kwa nyumba nzuri.

Nyumba aliyoisema ni makumbusho yaitwayo Musée de l'Homme, yaani Makumbusho ya Binadamu. Yako katika jengo kubwa jeupe upande wa pili wa mto, juu ya kilima kidogo. Kwa uzuri wa mahali, sijui kama kuna pengine panapopashinda. Ukisimama uwanjani unautazama Mnara wa Eiffel wote, kuanzia miguuni hadi kileleni. Watalii hupiga picha hapo tangu asubuhi hadi usiku. Na nyuma ya mgongo wao, katika ghala za jengo hilo, yamehifadhiwa mafuvu ya binadamu yapatayo 18,000. Ni ya watu wa pande nyingi za dunia, Wafaransa wenyewe wakiwemo. Mengine yalipatikana kwa kuchimbua mambo ya kale. Lakini mengine, wasikilizaji wangu, ni ya watu waliouawa wakitetea nchi zao.

Nitawataja wachache.

Wa kwanza ni mwanamke, Sarah Baartman, Mkhoikhoi wa Afrika ya Kusini. Mwaka 1810 alichukuliwa kutoka Cape akapelekwa London, akaonyeshwa jukwaani kwa kiingilio, kwa sababu ya maumbile ya mwili wake. Mwaka 1814 akaletwa Paris, akawa mikononi mwa mtu aliyekuwa akifuga na kuonyesha wanyama. Wataalamu wakaja kumchunguza. Alifariki mwishoni mwa mwaka 1815, akiwa bado kijana. Mnadhani alizikwa? La. Georges Cuvier, mmoja wa wataalamu mashuhuri kabisa wa elimu ya wanyama wakati ule, aliupasua mwili wake. Akafinyanga sanamu yake kwa plasta. Mifupa ikaunganishwa ikasimamishwa. Ubongo wake na, niwieni radhi, sehemu zake za siri, zikatiwa katika chupa. Vitu hivyo vikakaa makumbushoni, na watu wakaendelea kumtazama hadi miaka ya 1970. Fikirini vizuri: miaka ya 1970, nchi zetu nyingi zimekwisha kujitawala, bendera zetu zinapepea huko huko Paris mbele ya balozi zetu, na mama huyu bado amesimamishwa uchi mbele ya watoto wa shule.

Mwaka 1994 Rais Nelson Mandela aliomba arudishwe. Ilichukua miaka minane. Wafaransa walisema kwamba kilichomo katika makumbusho ya taifa ni mali ya taifa na hakitolewi. Ilibidi Bunge lao litunge sheria maalumu kwa ajili ya mtu huyu mmoja. Sheria hiyo ilipita mwaka 2002. Tarehe 9 Agosti mwaka huo, Siku ya Wanawake nchini kwao, Sarah Baartman alizikwa Hankey, katika jimbo alikozaliwa, na Rais Thabo Mbeki akahutubia mazishi. Alikuwa amengoja kaburi zaidi ya miaka 186.

Wa pili ni Waaljeria. Mwezi Julai 2020 Ufaransa ilirudisha Algiers mafuvu 24, yakielezwa kuwa ya wapiganaji waliopinga uvamizi katika karne ya 19, na Algeria ikawazika kwa heshima zote za kitaifa. Lakini kwa kuwa hapakuwa na sheria ya kuwatoa moja kwa moja, karatasi zilizotiwa saini zilikuwa za kukabidhi kwa muda. Yaani mtu amekwisha zikwa kwao, na daftarini bado ni cha kuazima!

Wa tatu ni jirani zetu wa Madagaska. Mwezi Agosti 1897 majeshi ya Ufaransa yaliwashambulia Wasakalava wa Menabe, wakamuua mfalme wao Toera na kumkata kichwa. Fuvu lilipelekwa Paris. Mwezi Desemba 2023 Ufaransa ilipitisha sheria ya jumla inayoruhusu kurudisha mabaki ya watu bila kutunga sheria mpya kwa kila mmoja, na chini ya sheria hiyo, mwezi Agosti 2025, mafuvu matatu ya Wasakalava yalikabidhiwa kwa Madagaska. Mojawapo linaaminika kuwa la Toera. Wataalamu walithibitisha kwamba yote ni ya Wasakalava, lakini kwamba hili ndilo la mfalme hawakuweza kuapa. Miaka 128 kabatini, na mwishowe hata jina halina hakika.

Hapa msikilizaji wa Iringa amekwisha kuinuka kitini. Maana mwaka mmoja tu baada ya Toera, mwaka 1898, ng'ambo hii ya bahari, Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi ili asikamatwe na Wajerumani, nao wakamkata kichwa. Na sasa sikilizeni jambo la ajabu. Tarehe 28 Juni 1919, katika jumba la Versailles, mwendo mfupi tu kutoka Paris, mataifa yaliyoshinda Vita Kuu yaliitia saini hati ya amani na Ujerumani. Kifungu cha 246 cha hati hiyo kinaitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa Waingereza katika muda wa miezi sita. Miezi hiyo sita ikawa miaka 35. Fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilikabidhiwa Kalenga mwezi Juni 1954, mbele ya mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, na Gavana Twining ndiye aliyelichagua kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa katika makumbusho ya Bremen.

Nawaomba mlitafakari hilo. Wakubwa wa dunia wamekaa Versailles, wanamwamuru Mjerumani arudishe kichwa cha mtu. Ni amri ya haki kabisa. Lakini Mfaransa aliyekuwa mwenyeji wa kikao kile alikuwa na vichwa vyake Paris, mwendo wa treni fupi kutoka penye meza ile. Toera alikuwa amekwisha kaa humo kwa zaidi ya miaka 20. Hakuna aliyemtaja. Nyani haoni kundule.

Nilipokuwa katika makumbusho yale sikuona fuvu hata moja la wale niliowataja. Niliona kumbi safi, taa nzuri, maelezo yaliyoandikwa kwa ufasaha juu ya umoja wa binadamu, na mtoto mmoja aliyekuwa akimuuliza mama yake maswali. Nilimwona mlinzi aliyenisalimu kwa adabu. Hapakuwa na giza, hapakuwa na maji yanayodondoka, hapakuwa na lango la mauti. Lakini hapo ndipo nywele ziliponisimama, kwa sababu nilijua kwamba ukutani nyuma yangu kuna watu waliopewa namba badala ya kaburi.

Sisemi haya ili tuwachukie Wafaransa. Wapo Wafaransa waliopigania mambo haya kwa miaka mingi, maseneta wao na wanahistoria wao, na bila wao sheria zile zisingepita. Wala sisemi kwamba elimu ya mwili wa binadamu ni haramu. Ninachosema ni kwamba tumezoea kudhani kitu cha kutisha hukaa gizani, chini ya ardhi, penye mafuvu ukutani. Paris ilinifundisha vingine. Kule chini nilikuta watu milioni sita wasio na majina ambao wamezikwa. Huku juu, penye jua na mnara, walikaa watu wenye majina, wenye nchi, wenye wajukuu wanaowaulizia, ambao hawakuzikwa.

Na wajukuu hao ni sisi. Bado kuna mafuvu ya watu wa pande zetu za Afrika Mashariki katika ghala za Berlin na kwingineko. Paris imeonyesha kwamba sheria inaweza kubadilishwa, ila haibadiliki mpaka mwenye marehemu abishe hodi, tena abishe mara nyingi. Ombi la Mandela lilichukua miaka minane. Anayenyamaza huhesabiwa kuwa amesamehe.

Usiku ule nilipokuwa nakwenda kiwanja cha ndege niliupita tena mto. Mnara ulikuwa unawaka taa, na kwa kweli ulikuwa mzuri. Nikamkumbuka yule ndugu wa Bukavu, na nikajuta kwamba sikumuuliza yeye aliyajulia wapi mambo ya nyumba ile, na kama kuna mtu wake anayemdai humo.

Wasikilizaji wapenzi, muda wangu umekwisha. Tukijaliwa uzima, tukutane juma lijalo saa kama hizi. Kwaherini.